Kikoti cha Msichana Aliyenyooka

Gauni zilifika kutoka Dar es Salaam hazina mikono. Dada, yaani binti wa mama mkubwa, ndiye aliyeziagiza kwa simu kwa ajili yetu sisi wapambe wake, na kwenye picha zilikuwa na mikono. Mama aliipokea yangu, akaigeuza mbele na nyuma kama anayetafuta mikono ilikojificha, akasema, "Mabega hayatoki nje ya nyumba hii. Kama huna cha kujifunika, upambe atapewa mtoto wa upande wa bwana harusi."

Nilimjibu ni sawa tu, mimi mwenyewe sipendi kutazamwa. Nusu ya jibu ilikuwa kweli. Sipendi kutazamwa, lakini nilitaka kuwa mpambe kuliko nilivyowahi kutaka kufaulu Hisabati.

Kwa hiyo nikaamua kushona kikoti, kile kifupi kisicho na vifungo, kinachofunika mabega na mikono na kuishia juu ya kiuno. Cherehani ya mama ipo, huwa anashonea mapazia. Karatasi za kukatia nilizipata kwenye mtandao, nikazichapisha steshenari ya Kilindoni, nikaziunga kwa gundi sakafuni. Maelezo yalisema nipime upana wa mgongo, na kwamba mgongo mtu hajipimi mwenyewe. Ikabidi nimwite mama.

Mama hawezi kupima kitu kimyakimya. Jirani yetu alikuwa barazani anachambua mchele, na mlango uko wazi.

"Hebu njoo uone," mama akamwita, tepu bado iko mgongoni kwangu. "Huyu mwaka jana alikuwa ubao. Mtazame sasa."

"Mwache mtoto wa watu," jirani akasema, huku anakuja kutazama. "Mashallah! Kumbe ndiyo maana anajificha kwenye mabaibui mapana."

Nilijikunja. Mabega yakaja mbele, kidevu kikashuka, mgongo ukawa wa kasa. Mama akasoma kipimo, nikakiandika.

Maelezo yalisisitiza kwamba kwanza ujaribu kwa kitambaa kisicho na thamani. Mimi ni mwanafunzi mtiifu. Nilishona cha majaribio kwa shuka kuukuu, nikakivaa mbele ya kioo, na kwa kuwa mbele ya kioo ndipo ninapojikunja kuliko mahali pengine popote, kilinikaa vizuri ajabu. Basi nikakata satini yenyewe, ya rangi ya dhahabu. Kilikuwa kipande cha mwisho dukani. Mwenye duka aliniambia kingine mpaka mzigo uje kutoka bara, na harusi haikuwa ya kungoja mzigo.

Nilikipeleka Kirongwe kwa mama mkubwa, nimejaa sifa ambazo hakuna aliyenipa. Dada alikuwa mkekani na hina mbichi miguuni, hawezi kuinuka, kazi yake ni kutoa amri tu.

"Vaa tuone. Haya, simama."

"Nimesimama."

"Hujasimama wewe, umejikunja. Simama kama mtu!"

Nikanyooka. Nyuma kitambaa kikatuna kama nimebeba mtoto, mbele kikafunguka kikakimbilia makwapani.

"Nani kakupima?"

"Mama."

"Ulikuwa umekaaje?"

Nikamwonyesha. Dada alicheka mpaka akaiburuza hina kwenye mkeka. "Mdogo wangu, hiki umemshonea bibi!"

Nikasema kwa sauti ndogo kwamba labda siku ya harusi nitembee hivyohivyo, nimejikunja kidogo. Sikuwa natania. Nilishafikiria, kutoka mlangoni hadi jukwaani si mbali.

"Picha zangu za harusi," akasema, hacheki tena, "sitaki nionekane nimesindikizwa na mtu anayetafuta sindano chini. Lete pini. Piga magoti hapa, nipe mgongo. Nyooka. Zaidi! Mbona unapumua kama mwizi?" Akabana kitambaa katikati ya mgongo. "Hapa fumua, ushone upya. Na hiki cha ziada kikate, kisitune kwa ndani."

Hapo ndipo niliposhikwa na woga. Mshono unafumuka, lakini kitambaa kilichokatwa hakirudi. Nikikata, kikoti kitamtosha msichana mmoja tu, yule aliyenyooka, na huyo simjui vizuri. Nimekutana naye mara moja, tena akiwa amepigishwa magoti. Nilikaa na mkasi mpaka mama mkubwa akauliza kama namngoja fundi.

Nikakata.

Siku ya harusi, kila mabega yalipotaka kwenda mbele, mshono wa mgongoni ulikaza na uzi ukalia. Satini haivutiki hata kidogo. Niliingia ukumbini nimenyooka kama mlingoti, macho mbele, kwa sababu hata kutazama chini kulikuwa na hatari. Kamera ikanifuata. Vigelegele vikapigwa.

"Yule wa pili ni nani?" nikasikia upande wa bwana harusi.

"Sijui, ila ana maringo huyo!"

Mwalimu wangu wa Kiswahili, mtu wa bara ambaye darasani hajawahi kuisikia sauti yangu, alimwambia mwenzake, "Anajiamini, eeh? Kumbe ule upole wa darasani ni wa kuigiza."

Wakati wa chakula, sinia la pilau likawekwa katikati ya mkeka. Wenzangu wakainama. Mimi nikabaki nimekaa wima, nalitazama kwa mbali kama mgeni rasmi. Shangazi mmoja wa bwana harusi akaniona.

"Msogezeeni sinia huyo bibie," akasema. "Leo hamwinamii mtu."

Wanawake wakacheka, sinia likasogezwa mpaka magotini pangu. Nilitaka kuwaeleza kwamba ni mshono tu, lakini kueleza kungenilazimu kuongea mbele ya watu wote wale. Nikanyamaza, na hilo nalo wakalihesabu kuwa maringo. Nyama zote zilikuwa upande wangu.