Mgongo wa Anatolia

Maneno niliyapeleka mimi, Beata. Nasema mapema ili mtu asihangaike kumtafuta mchongezi. Nilipanda bodaboda kutoka hapa Igurwa hadi Kamuli, nikamwambia Mama Anatolia kwamba binti yake Xaveria anapigwa picha na mumewe bila nguo.

Elick, huyo mume, watu wanamjua kwa picha za pasipoti na za harusi pale Nyakahanga. Hizi nyingine alizipigia nyumbani, mlango umefungwa: bega la mkewe, kiuno, mara nyingine mgongo wake yeye mwenyewe, kitufe akibonyeza mkewe. Zikishasafishwa, kubwa kama sinia, Xaveria alikaa nazo wiki nzima akichora juu yake kwa kalamu ya wino. Alichora nakshi za vikapu, zilezile ambazo mama yake amezisuka tangu yeye ni mtoto. Siku aliyonionyesha, mimi jirani yake, niliona aibu. Kesho yake nikarudi kuziona tena.

Walikuwa wamealikwa Bukoba kuonyesha picha kumi na mbili. Kumi na moja zilikuwa tayari. Ya mwisho ilikuwa mgongo wote wa Xaveria, na alikuwa hajaigusa.

"Nakshi ya hii ni ile aliyoibuni mama mwenyewe," aliniambia. "Naogopa kumwambia. Na asiporidhia, siendi nazo popote."

Mimi nilitaka mama akatae. Niliona ninamwokoa mtoto wa watu.

Anatolia alikuja Jumamosi, amejifunga kitenge cha kanisani. Kwetu mkwe hakai akitazamana na mama mkwe. Elick alipomwona akija alitokea mlango wa nyuma, akaamkia kutoka kwenye migomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu," Anatolia akaujibu ukuta.

Nami nilikuwa nimeshakaa kwenye kigoda, nangoja moto uwake.

Anatolia alizitazama picha moja moja, bila haraka. Xaveria alisimama pembeni, na hapo roho ilianza kunisuta. Kwenye ile ya kumi na mbili mama aliweka kidole chini ya bega la kushoto, penye baka dogo.

"Hapa nilipasugua siku tatu ulipozaliwa, nikidhani ni uchafu. Bibi yako alinicheka sana." Akageukia zile nyingine. "Lakini hizi kumi na moja umekosea. Kikapu kinaanzia kitakoni kinapanda. Wewe kila mahali umeanzia juu."

"Nizirudie, mama?"

"Ziache. Watu wa Bukoba watajuaje? Nipe kalamu."

Akachora mwenyewe, kuanzia kiunoni, mstari kwa mstari, na Xaveria akalia bila kujificha. Mkono wa mama ulipofika shingoni, ukasimama.

"Na wangu?" akauliza. "Mgongo huu umebeba watoto saba na mikungu ya ndizi isiyo na idadi. Hakuna aliyewahi kuutazama. Hata baba yako alikuwa anazima koroboi kwanza."

Tukatazamana. Mpiga picha ni mkwe. Basi kamera akashika Xaveria, na Elick akabaki kwenye migomba, ametupa kisogo, anaelekeza kwa sauti. Mimi niliyekuja kutazama moto nikapewa kazi ya kushika kitenge mlangoni.

"Dirisha liwe kushoto kwake," Elick akaita. "Mwambie mama ashushe bega."

"Mwambie mkwe bega haliendi chini zaidi ya hapo. Lina miaka sitini na nane."

Nikasikia Elick akicheka kwenye migomba, na Anatolia naye akacheka. Hapo ndipo Xaveria alipobonyeza. Niliuona mgongo ule ukitikisika kwa kicheko, mpana, una makovu mawili ya miiba, na nikajuta safari yangu ya Kamuli, halafu papo hapo nikaacha kujuta.

Zilikwenda Bukoba picha kumi na tatu. Jumamosi ile, wakati wa kuondoka, Anatolia alinishika mkono pale uani.

"Na wewe uliyenifuata mpaka Kamuli, mgongo wako utapigwa picha lini?"

Nikamwambia nitafikiri. Jumatatu nilikwenda dukani nikanunua mafuta ya kujipaka, chupa kubwa.