Vumbi la Karasha

Kwa pesa ya dhahabu yangu ya kwanza pale machimboni Genkuru, nilinunua simu mbili mjini Sirari, moja yangu, nyingine ya mama kule Issenye. Mimi nilishinda kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, simu ikiwa mfukoni mwa shati. Kila Jumapili mama akitoka kanisani alipanda kichuguu nyuma ya zizi, maana mtandao ulishika hapo tu, akanipigia.

Baada ya miezi michache nikawa nikipokea sisikii kitu. Nikajua amebonyeza vibaya. Nikawaka: "Mama, kama simu imekushinda, iache! Unanipotezea muda!" Jumapili tatu nilimfokea hivyo. Ya nne hakupiga, nami nikaona afadhali.

Siku moja rafiki naye alinipigia nisisikie kitu, nikaipeleka simu kwa fundi. Alipoisugua kwa mswaki, unga wa mawe ulimwagika mezani.

"Spika ndiyo iliziba," akasema. "Wewe ulikuwa huwasikii, ila wao walikusikia vizuri kabisa."

Nilikwenda Issenye kesho yake. Mama aliitikia shikamoo yangu, akaingia ndani, akatoka na simu imefungwa kwenye leso safi.

"Chukua, mwanangu," akasema. "Kweli imenishinda."