Mbuzi Mwenye Tai Nyekundu

Nilipofundisha shule moja ya msingi huko Newala, mwalimu mkuu alinidhalilisha mbele ya wazazi. Alisema namaliza umeme wa shule kwa kutengeneza michezo ya kitoto kwenye kompyuta. Jambo lile nililiweka moyoni.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Mtoto anashika mausi, anaokota korosho zilizoanguka chini ya mti na kuzitia kapuni. Akichuma iliyo juu mtini, anatokea mbuzi na kula kapu zima. Baada ya siku ile nilimvalisha mbuzi miwani na tai nyekundu, kama za mwalimu mkuu.

Wageni wa wilaya walipokuja kuuona mchezo, mwalimu mkuu akajidai ni wake, akaketi darasani kuwaonyesha. Mtu wa mjini yule, shamba hakuwahi kulikanyaga. Akachuma mtini moja kwa moja. Mbuzi akatokea, darasa likaangua kicheko.

"Shikamoo mwalimu," akasema binti wa darasa la kwanza. "Korosho hazichumwi, zinaokotwa."

"Marahaba," akaitikia, jasho likimtoka. Akanigeukia nimwondolee yule mbuzi.

Nikamjibu wote wakisikia: "Mkuu, mwenye mchezo si wewe?"