Nyumba Iliyojengwa kwa Kola Kuukuu

Nyumba ninayoandikia maneno haya, hapa Majengo, inashikwa na boriti zilizonunuliwa moja moja, na kila boriti ilitokana na kola za mashati ya watu wengine. Mshahara haukununua hata moja. Kola hizo zilikuwa zimechakaa, nikazifumua, nikazigeuza na kuzishona upya. Wajukuu wangu wakisikia hivyo huniambia, "Babu, hebu sema kweli," kwa hiyo nitaanza mwanzo.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya sitini, katika duka moja la nguo huko Ndia Kuu, Mji wa Kale. Mwenye Duka alikaa ndani na majora yake ya vitambaa. Sisi mafundi tulikaa nje barazani, cherehani zimeelekea barabara ili tupate mwanga. Aliyetusimamia ni mzee wa mji ambaye kila mtu alimwita Fundi Mkuu. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na subana yake ya shaba, ile ya kukinga kidole na sindano, haikumtoka kidoleni hata akinywa kahawa.

Siku ya kwanza nilifika na kanzu niliyoipiga pasi mwenyewe, nikitarajia kupewa cherehani. Fundi Mkuu alinipa wembe na shati jeupe kuukuu, akaniambia nitoe kola. Nilishika wembe, nikavuta. Akauliza, "Mwanangu, wafumua au wachinja?"

Mafundi wenzangu walicheka mpaka mguu wa mmoja ukatoka kwenye kanyagio. Fundi Mkuu hakucheka. Alivuta kiti karibu akanionyesha.

Kola ya shati huchakaa pale inapokunjika, kwa sababu ya jasho na ndevu. Upande wa chini haujaguswa na kitu. Fundi hukata mshono unaoishika kola kwenye ukanda wa shingo, uzi mmoja baada ya mwingine, bila kugusa kitambaa. Huigeuza ili upande mzima uje juu. Kisha hupiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda ya kushikiza, na mwisho hupitisha cherehani. Hapo ndipo penye kazi. Sindano lazima irudi katika matundu yale yale ya zamani. Ukienda pembeni kidogo, shati litabaki na mistari miwili ya matundu, na mtu yeyote atajua kwamba mwenyewe amelivaa hadi likamshinda.

Sharti la pili halikuwa la sindano. Waliotuletea mashati hayo walikuwa makarani, walimu, watu wa forodhani, watu wanaoheshimika. Mashati yao hayakuja mikononi mwao. Yalikuja chini ya kikapu cha mke anayekwenda sokoni, au yamezongwa gazeti. Wengine walikuwa wenyeji wa mji, wengine Wakristo kutoka bara waliopanga vyumba karibu na Mwembe Tayari, wana shati moja la ofisini na jingine la kanisani. Fundi Mkuu alinifunza jambo hili siku ile ile ya kwanza: "Ukikutana naye ndiani, mpe mkono, muulize hali ya nyumbani. Mtazame uso. Shingo usiitazame."

Sharti la tatu lilihusu malipo. Nguo mpya zililipwa na Mwenye Duka kila Jumamosi. Kazi ya kola hakuitaka ihesabiwe kuwa ya duka lake, kwa hiyo mwenye shati alimlipa fundi mwenyewe, sarafu chache. Fundi Mkuu aliniuliza hizo zangu nitazifanyia nini. Nilimwambia nitakunywa kahawa na halua jioni kama wenzangu.

"Nguo mpya zakulisha," akasema. "Hizi tumbo lako halizijui. Usilijulishe."

Nilikuwa na sababu ya kumsikiliza. Baba alikuwa amefariki. Mimi, Mama na dada yangu mdogo tulikaa chumba kimoja cha kupanga Kibokoni. Mwenye nyumba naye alikufa, na mrithi wake alikuwa amekwisha kutupitia, kwa adabu, akasema siku moja atakihitaji chumba. Hakusema lini. Kuanzia hapo Mama hakupata usingizi mzuri. Kila hodi ilimshtua. Jioni moja aliniambia kitu ambacho ndicho kilichoniongoza miaka yote iliyofuata: "Mimi sina haja ya dhahabu, mwanangu. Nataka mlango ambao hapana mtu atakayeubisha kuja kuniambia nihame."

Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa kubana matumizi, ingawa hakulijua jina hilo. Nazi moja aliikuna ikatoa tui la kwanza la mchuzi, tui la pili la wali, na machicha akawapa kuku wa jirani, naye jirani akaleta yai. Vumbi la makaa alilichanganya na udongo akafinyanga madonge, akayaanika juani, na hayo ndiyo yaliyochemsha chai ya asubuhi. Kanga iliyopasuka ilikuwa shuka, kisha nepi ya mtoto wa jirani, kisha tambara la taa. Hatukujiona maskini. Tulijiona watu wenye mpango.

Shida yangu ilikuwa mahali pa kuweka sarafu. Fedha ikikaa nyumbani, jamaa huijua. Huyu ana harusi, yule ana safari, na kumkatalia jamaa kulikuwa aibu. Nikawaza kwamba hakuna mtu atakayekuja kuazima boriti kwa ajili ya harusi. Basi nikaenda kwa mwuza boriti kule pwani ya bandari ya zamani. Boriti ziliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, kama kanga za jumla.

Akaniuliza nataka korija ngapi. Nikamwambia nataka moja.

"Korija moja."

"Boriti moja, ami."

Aliwageukia wenzake waliokaa juu ya mzigo. "Huyu yuwataka kujenga nyumba au kuanika nguo?"

Nilingoja wamalize kucheka, nikatoa fedha. Niliifunga boriti yangu kwa ukanda wa khaki niliouokota chini ya cherehani, nikamwomba aniwekee pembeni. Alikubali kwa dhihaka. Nilirudi baada ya wiki chache kwa ajili ya nyingine, nikaifunga vile vile. Baada ya muda dhihaka ilikwisha, akawa yeye ndiye anayenichagulia zilizonyooka. Mungu amrehemu. Hakunitoza hata senti ya kuniwekea.

Uhuru ulipopita nilihamia karakana ya sare kule Kilindini, tulikoshona nguo za wafanyakazi wa gatini: suruali za khaki, makoti mazito, kofia. Hapo nilijifunza kukata nguo kwa ruwaza, yaani karatasi ngumu iliyochongwa kwa umbo la kila kipande, ambayo huwekwa juu ya tabaka nyingi za kitambaa, nazo zikakatwa kwa mara moja. Mshahara ulikuwa wa mwezi, si wa wiki, na kubadilisha mwendo wa fedha ni hatari kubwa kwa mtu anayeweka akiba. Wenzangu wengi walikuwa matajiri wiki ya kwanza na mafukara wiki ya mwisho. Mimi nilimkabidhi Mama mshahara wote, naye akanigawia kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Nilikwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu. Nilibeba muhogo wa kuchemsha katika kitambaa. Jioni nilipitia Liwatoni saa ambayo wavuvi wanataka kwenda zao, samaki waliobaki wakawa rahisi. Wenzangu waliniita Mkono wa Birika, na walipopata habari ya boriti wakaniita Bwana Boriti. Jina la pili nililipenda.

Kola zilinifuata huko nako. Habari za fundi anayejua kugeuza kola bila alama husafiri kimyakimya. Saa ya mapumziko, wenzangu wakila, mimi nilikuwa nashona. Msimamizi wa Karakana wa kwanza, Mzungu, hakuwahi kutoka ofisini saa hiyo. Aliondoka, akaja Msimamizi mpya, mtu wa bara, mrefu, mkali wa saa. Wiki yake ya kwanza aliniita.

Nilijua nimekwisha. Nilikuwa nashona kazi ya nje kwa cherehani ya watu, na kazi ikipotea, boriti zangu zingebaki kuni. Alifunga mlango. Akaniuliza kama ni kweli nashona mashati ya watu saa ya chakula. Nikakubali. Akaniuliza uzi natoa wapi. Nikamwambia nanunua mwenyewe, nikamwonyesha kigurudumu cha uzi mweupe mfukoni, kwa kuwa karakana haikuwa na uzi ila wa khaki.

Alifungua saraka ya meza yake, akatoa kifurushi cha gazeti, akakiweka mezani bila kukifungua.

"Hii ni ya ndugu yangu," alisema. "Ana mkutano Jumatatu."

"Itakuwa tayari kesho, Bwana Msimamizi."

"Endelea kutumia uzi wako. Na saa saba kamili uwe umerudi kwenye kazi ya sare."

Shati lilikuwa la mtu mrefu sana. Nililishona, nikalirudisha katika gazeti lile lile, nikamwomba amsalimie ndugu yake. Tangu siku ile hakuna aliyenisumbua saa ya mapumziko.

Kisha mrithi wa nyumba ya Kibokoni alikuja tena. Safari hii alitaja muda: binti yake anaolewa, chumba kiwe wazi kabla ya Ramadhani. Mama alimkaribisha, akampa kahawa, akamwombea binti kheri. Mrithi alipoondoka, Mama alikaa kitandani akaanza kukunja nguo zilizokuwa zimekwisha kukunjwa.

Nilikwenda kwa Fundi Mkuu. Yeye ndiye aliyenitafutia kiwanja hapa Majengo na kunidhamini. Mpango ulikuwa ule wa kisiwa chetu ambao vijana wengi hawauelewi: ardhi ni ya mtu mwingine, nyumba ni yako. Unamlipa mwenye ardhi kodi ya kila mwezi kupitia wakili wake, naye anakuacha ujenge na kukaa. Kwa asiye na uwezo wa kununua ardhi, hiyo ilikuwa rehema.

Boriti zilitosha. Fundi wa kujenga alizisimamisha, akafunga fito, akaezeka madebe yaliyopasuliwa. Fedha zikaishia hapo. Nyumba ilibaki mifupa mitupu, bila udongo wala mawe, na Ramadhani ilikuwa mlangoni. Nilimwomba Msimamizi ruhusa ya siku chache nikandike kuta mwenyewe, nikamweleza sababu. Alinipa ruhusa akaendelea kuandika.

Jumapili asubuhi nilikuwa nakanyaga udongo na dada yangu akiteka maji, nikaona mtu anakuja na ndoo. Alikuwa karani wa forodhani. Alinisalimu, akasema alikuwa anapita. Nyuma yake akaja mwalimu, naye alikuwa anapita. Wakaja wengine, wenyeji na watu wa bara, mmoja ametoka kanisani na tai yake bado shingoni. Msimamizi alifika na sururu. Fundi Mkuu alikuja amekunja kanzu kiunoni, subana kidoleni. Niliyatambua mashati kabla ya nyuso. Na kila mmoja wao, nina hakika, alidhani kwamba yeye peke yake ndiye niliyewahi kumgeuzia kola.

Walijaza kuta mawe na udongo hadi alasiri, wakitaniana kuhusu nani anatupa udongo kama mwanamke anayekanda chapati. Mama alileta uji akawatazama mmoja mmoja, akanivuta kando.

"Hawa wote ni nani?"

"Watu wa kazini, Mama."

"Hata yule mwenye tai?"

"Naye wa kazini."

Fundi Mkuu alikuwa akinawa karibu nasi. Aliinama akaendelea kusugua udongo mikononi.

Mama alihamia kuta zikiwa bado mbichi. Usiku wa kwanza wa Ramadhani alilala hadi dada yangu akamwamsha kula daku. Aliishi humu miaka mingi na akafia humu, na hakuna aliyewahi kumbishia hodi kumwambia ahame. Kila nikilikumbuka hilo nawashukuru watu wale, wengi wao wamekwisha kutangulia.

Baadaye nilipanda hadi Msaidizi wa Msimamizi, nikafundisha vijana kukata kwa ruwaza, nikastaafu. Siku hizi mashati ya mitumba ni rahisi kuliko uzi na muda wa kugeuza kola, na sioni vibaya. Ninachowaambia wanaoanza kazi ni kidogo tu. Tafuteni fedha moja ambayo tumbo halijaizoea, na muigeuze kitu kisichoazimika, mapema, kabla hamjajua kitakuwa cha nini.

Jambo moja tu halijakamilika. Mwenye ardhi alikufa. Wakili wake aliendelea kuja kupokea kodi, kisha naye akafa. Wapo wanaosema warithi wako Unguja, wapo wanaosema Arabuni. Nilikwenda kuuliza ofisini nikaambiwa kiwanja bado kimeandikwa jina la marehemu. Mwaka jana alikuja kijana mwenye viatu vizuri akasema amekinunua. Nilimkaribisha, nikamuuliza amenunua kwa nani. Akasema atarudi na karatasi.

Kodi ya ardhi naitenga kila mwezi, sijaruka hata mmoja, wala haijaguswa kwa ugonjwa wala kwa harusi. Binti yangu ameniuliza kama yule kijana akirudi tumpe kodi hiyo. Nimemwambia asimpe mtu mpaka tujue ni ya nani. Hajarudi, na mwenye ardhi bado hatujamjua.