Fedha za Kuzikana Nilizozipeleka Kwenye Makombora

Ipo Jumapili moja ya baridi, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka natamani kujizaba kofi. Wewe umenijia na simu yako, unanionyesha hisa zinazopanda, unataka chama chetu kiingie haraka kabla bei haijatoroka, na mimi nimekuambia kaa chini kwanza. Usinijibu "sharp, mzee", yaani sawa, huku macho yako bado yako kwenye kioo. Weka hiyo simu mfukoni unisikilize. Njia hiyo unayoikimbilia mimi nimeshaipita, na niliipita nikiwa nimebeba vya watu.

Ilikuwa mwaka 2017. Mvi hizi unazoziona hazikuwepo, na kusema kweli zimeniwahi, maana Johannesburg haina subira na kichwa cha mtu. Nilikuwa Mkenya wa miaka thelathini na kidogo, mwenye tai na kadi ya kufungulia milango, mchambuzi wa hisa katika kampuni ya uwekezaji huko kaskazini mwa jiji. Jumapili nilishuka Doornfontein kusali, na baada ya ibada tulibaki ukumbini kwa ajili ya chama cha kuzikana. Unakijua. Wakenya na Wakongo tunachanga kila mwezi ili mmoja wetu akifa huku ugenini, arudishwe kwao azikwe na watu wake. Sisi Wakenya wengi tulikuwa wa ofisini. Wakongo walikuwa mafundi cherehani, wasusi na walinzi. Mweka hazina nilikuwa mimi, na sababu ilikuwa moja tu, kwamba nilisoma. Huo ndio ugonjwa wetu hadi leo, kumkabidhi mtu funguo kwa kuwa anajua Kiingereza kirefu.

Sasa sikiliza kisa cha Ulaya, na usipige miayo. Siku zile nchi za Ulaya zilikuwa zimeamua kushirikiana zaidi katika ulinzi. Badala ya kila moja kuunda kifaru chake na ndege yake, zitie fedha mahali pamoja, zibuni silaha pamoja, zinunue pamoja. Ofisini kwetu habari hiyo ilikuwa tamu. Uingereza kulikuwa na kampuni inayotengeneza makombora na vipuri vya ndege za kivita, na kazi yake nyingi ilikuwa ya ubia na Wafaransa, Wajerumani na Waitaliano. Nikajiambia, mfuko huo wa Ulaya ukifunguliwa, kampuni hii itashiba, na mwenye hisa zake atashiba nayo.

Kulikuwa na jambo moja tu. Waingereza walikuwa wameshapiga kura ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Magazeti yalilisema, wakubwa wangu wa kazi walilisema, na hata mimi nililiandika kwenye ripoti kwa herufi ndogo chini ya ukurasa. Kisha nikalipuuza. Nikasema Ulaya haiwezi kuwaacha watu wenye viwanda kama vile, watagombana kidogo halafu watakubaliana. Kipenda roho hula nyama mbichi, mwanangu, na mimi niliila hata chumvi sikutia.

Mwenyekiti wetu alikuwa Papa Byamungu, mwalimu wa zamani kutoka Bukavu ambaye hapa alikuwa anashona suti. Yeye na Wakongo wenzake walituletea desturi iliyokuwa ikitukera sisi wa ofisini kupita kiasi. Neno likiletwa leo halijibiwi leo. Linalazwa. Mtu anakwenda nalo nyumbani, analizungumza na wa kwake, analitafuna, na mkutano ujao ndipo analijibu. Asiyekubaliana nalo hasimami mbele za watu kukuaibisha. Atakutafuta katikati ya mwezi, akuite pembeni, akuambie kwa upole. Mimi niliona ni kupoteza wakati. Nilikuwa nakwenda nyumbani nikimlalamikia mke wangu kwamba chama hiki hakitaendelea mpaka Wakongo wajifunze kupiga kura.

Basi Jumapili hiyo nilisimama nikaeleza kwa robo saa, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, na michoro inayopanda nikaimulika ukutani. Nilipomaliza, Papa Byamungu akakohoa kidogo.

"Asante, mwana yangu. Ile neno tuilalishe kwanza. Mwezi yenye kuja tutajibu."

"Papa, bei haingoji mwezi ujao," nikamwambia. "Kuna mwenye pingamizi?"

Kimya. Mama Neema, msusi aliyekuwa akikaa mstari wa mbele siku zote, alitazama viganja vyake. Nikahesabu kimya kile kama kura, nikaandika kwenye daftari kwamba wote wamekubali. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na methali hiyo nilifundishwa darasa la nne, nikaipatia hata alama. Jumatatu sehemu kubwa ya fedha za kuzikana ikaenda Uingereza kununua hisa hizo.

Kilichofuata ni mwaka na nusu wa kukereka. Leo Waingereza wanasema watashirikiana na Ulaya katika ulinzi hata wakitoka, kesho Ulaya inajibu kwamba mfuko ni wa walio ndani, na aliyetoka atakuja kama mgeni, kwa masharti, na mengine hataonyeshwa. Asubuhi bei juu, jioni bei chini. Wenye hisa wa Uingereza walikuwa wanalia, wa kwetu wanalia, na wanasiasa wao wanaahirisha mkutano ili wapange mkutano mwingine. Eish! Mimi, mtoto wa Bungoma, nikawa nafuatilia vikao vya Ulaya kuliko watu wanaoishi huko. Nilikuwa nakula chakula cha mchana nimekunja uso, na mtoto wangu wa kwanza kule nyumbani alidhani baba yake ana vidonda vya tumbo. Akufukuzaye hakwambii toka, na Ulaya haikuwaambia Waingereza tokeni kwenye silaha zetu. Iliandika tu kanuni moja baada ya nyingine, mpaka siku ukatangazwa mradi mkubwa wa ubia na kampuni yetu ya makombora haikuwemo. Bei ikaporomoka.

Siku nne baadaye alifariki Deo, kaka yake Mama Neema.

Deo alikuwa mlinzi kwenye maduka, mtu mkimya aliyekuwa akichechemea. Mama yao mzazi alikuwa hai Bukavu, na alituma ombi moja tu, mwanawe aletwe. Nikauza hisa zote kwa hasara. Kilichorudi hakikutosha kulisafirisha jeneza kwa ndege hadi Kigali, sembuse gari la kulivusha mpaka hadi Bukavu. Deo akabaki mochari, na kule kwao mama yake akawa ametandika mikeka anangoja.

Nikaenda kwa Papa Byamungu nikamkuta kwenye cherehani. Nikamwambia nitakopa benki, nitajaza pengo lote mwenyewe, wiki hii hii. Nilidhani nimesema neno la kiume. Hata hakuinua kichwa.

"Hapana," akasema. "Ukilipa weye peke yako, utakuwa umenunua kimya yetu mara ya pili. Kamata kitunga. Panda mlango kwa mlango. Na kila mlango utaeleza pesa ya batu ilienda wapi, kwa Kiswahili."

Nilikasirika, sitakuficha. Mtu mzima na digrii zangu mbili, nibebeshwe kikapu! Lakini siku hizo jeneza lilikuwa linangoja, na hasira yangu haikuwa na pa kwenda. Nikapanda majengo ya Joubert Park alasiri ya Desemba, mvua ya mawe imetoka kupiga, umeme umekatwa kwa zamu, lifti imekufa, ngazi zinanuka maji ya sabuni na mafuta ya samaki. Kila mlango nilibisha, nikaanza maelezo kwa Kiingereza, nikakumbuka sharti, nikaanza upya, nikakwama. Unajua kusema "ushirikiano wa ulinzi wa Ulaya" mbele ya mwanamke aliyeshika kichwa cha mteja kwa mkono mmoja na chanuo kwa mkono mwingine? Jaribu siku moja. Yule dada alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza:

"Donc, ni kusema Bazungu banagombana kule kwabo, na siye ndio tunakosa kuzika?"

Nikamwambia ndiyo. Lilikuwa hilo hilo.

Nilipofika ghorofa ya nne nilikuwa nimejifunza kulisema kwa ufupi. Nilisema, majirani walichanga wapike chungu kimoja, mmoja wao akahama kwa hasira, na mimi nikampa fedha zenu huyo aliyehama, nikitumaini kwamba wenzake wataendelea kununua kuni zake. Mlinzi mmoja, mtu wa Uvira, aliniuliza kama nilijua kwamba jirani huyo alikuwa anahama. Nikasema nilijua. Akauliza, na bado ukampa? Nikasema nikampa. Akaingia ndani, akatoka na noti mbili akazitia kikapuni bila neno. Ningefurahi kama angenitukana.

Bibi mmoja wa ghorofa ya sita ndiye aliyenimaliza nguvu. Aliuliza swali ambalo ukumbi mzima haukuuliza ile Jumapili.

"Na ile kampuni inatengeneza nini?"

"Vipuri," nikasema.

"Vipuri vya nini?"

Nikajikuna shingo. Mtu mzima, mwanangu, nikajikuna shingo kama mwanafunzi. Nilipomwambia, hakukunja uso wala hakupaza sauti. Alisema tu, "Ah," akaniambia nipite kwa Mama Neema kabla sijaenda nyumbani.

Chumba cha Mama Neema kilikuwa kimejaa wanawake wamekaa chini. Alinipisha kwenye kiti, mimi niliyestahili kukaa sakafuni. Nikamweleza kila kitu kwa ile lugha fupi niliyoipata kwenye ngazi, kisha nikamwomba radhi. Halafu akaniambia jambo nililopaswa kulijua, kwa kuwa nilikuwa nimesali na Deo miaka mitano na kumwona akichechemea kila Jumapili. Risasi ilikuwa bado iko nyongani mwake. Ilimpata kwao, siku walipokimbia vita, na hakuna daktari aliyethubutu kuitoa. Deo atazikwa nayo.

"Ile siku nilijua ni mambo ya silaha," akasema. "Nilitaka kuuliza. Nikasema, nikiuliza mbele ya benzake, huyu kijana ya batu atapata haya. Nikasema ningoje, nitamwita pembeni. Weye hukungoja."

Mwanangu, nililia. Nililia mbele ya wanawake wote wale, na mwenye msiba ndiye aliyeninyamazisha. Mwaka mzima na nusu nilikuwa nawalaumu Waingereza, naulaumu mfuko wa Ulaya, nailaumu bei. Kumbe kile kimya nilichokiandika daftarini kama ndiyo kilikuwa heshima yangu, na aliyekuwa akiilinda ni dada wa marehemu.

Kikapu kilitosha. Deo alifika kwao siku ya kumi na tisa, na mama yake akamzika.

Sasa nisikilize vizuri, maana naona midomo yako inatetemeka kutaka kuniambia kwamba safari hii ni tofauti. Mimi pia nilisema ni tofauti. Sikukatazi hisa. Cheza na fedha zako mwenyewe, ukipoteza utalala na njaa utaamka. Lakini kama Waingereza watakula chungu cha Ulaya au watabaki kuuza kuni barabarani, wao wenyewe walikuwa hawajui, seuze mimi na wewe tuliokaa Doornfontein. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nyoka wetu ni kufa ugenini, na fimbo yake ni fedha iliyo karibu, hata kama haizai.

La pili, lile usiloweza kumweleza mwenye mali kwa lugha yake, huku ameshika chanuo mkononi, hujalielewa. Usilifanye. Kuuliza si ujinga, lakini kuna watu hawatakuuliza, kwa kuwa wanakupenda, na hao ndio wa kuwaogopa kuwadhulumu. Watafute wewe. Waite pembeni wewe. Na ikiwa ni mambo ya bunduki, anza na yule anayechechemea.

Kesho kutwa ni mkutano. Lete neno lako, uliseme kwa Kiswahili, utaje wazi kampuni inatengeneza nini, kisha ukae kitako mwezi mzima. Utakereka, najua, na wala usije kunilalamikia mimi.

Mungu akupe umri mrefu, mwanangu. Akupe watu wa kukukosoa mapema, na moyo wa kuwangoja. Na siku yako itakapofika, baada ya miaka mingi na wajukuu wengi, usilale mochari hata siku moja zaidi kwa sababu ya mtu aliyesoma sana na mwenye haraka. Amina.