Ukiitwa Usigeuke

Mama yangu hageuki akiitwa kutoka nyuma. Juzi, kwenye kituo cha treni cha Tumba, huku Ulaya tunakoishi, mama mmoja wa kanisani kwetu alimwita mpaka sauti ikamkauka, ikabidi akimbie na mifuko yake yote ndipo amshike bega. Jumapili akanilalamikia kwamba mama yangu amelewa Ulaya, siku hizi anajiona. Nikacheka, nikasema ni masikio, yamezeeka. Uongo mtupu. Mama husikia nikifunua sufuria yake ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, akiwa chumbani na mlango umefungwa.

Kinachomzuia ni jina la mahali. Kwetu, mashariki ya Kongo, kati ya kijiji na barabara kuu kulikuwa na bonde lenye mto mdogo na ukungu usiokwisha, na bonde hilo liliitwa Ukiitwa Usigeuke. Ilisemekana waliokufa maji pale huwaita wapita njia, na anayegeuka huwafuata. Watoto wote tulifundishwa hivyo: ukifika bondeni, tazama mgongo wa aliye mbele yako, uende. Hata leo, hospitalini Flemingsberg ninakofanya kazi ya uuguzi, nikiitwa kwenye korido husimama, nikangoja anayeniita aje mbele yangu. Wenzangu wamezoea.

Siku tuliyoikimbia vita, njia ilijaa watu. Dada yangu mdogo alitangulia na majirani, mimi nilikuwa nyuma nimeshika kitenge cha mama. Ng'ambo ya mto njia iligawanyika, na mama akaona majirani wanashika upande usio wetu. Akamwita dada. Akamwita tena, kwa jina lake lote. Alisikia, najua alisikia, maana niliona mabega yake yakikakamaa. Hakugeuka. Ukungu ukamfunika, na tangu siku ile hatujamwona wala kupata habari zake.

Mwaka huu nilijiunga na watu wanaojitolea kuandika majina kwenye ramani ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuihariri. Kijiji chetu hakikuwemo. Kwenye picha za setilaiti kuna msitu tu, umemeza mapaa. Basi jikoni kwetu Fittja, mama akipika, mimi nikimuuliza, tukarudisha kanisa, soko na chemchemi. Alijibu kwa furaha, akinitania kwamba nimesahau hata njia ya kwenda kisimani. Nilipofika bondeni akaacha kukoroga.

"Hapo andika U.U. tu. Inatosha."

"Mama, nani atajua maana yake?"

"Mungu anajua. Sipendi kuiona yote mu simu."

Nikaandika herufi mbili, ingawa vifupisho vinanikera. Simu yangu hukata majina ya mitaa ya watu kana kwamba wino ni wake.

Baada ya muda mtu nisiyemjua, naye wa kujitolea, akaniandikia kwa adabu kuuliza herufi zile ni za nini. Alisema utaratibu wetu ni kuandika majina kwa ukamilifu. Jina refu simu italifupisha yenyewe ikikosa nafasi. Lililofupishwa hakuna mashine itakayolirefusha, mpaka apatikane mtu aliye hai anayelijua. Niliusoma ujumbe wake ndani ya treni nikienda kazini, nikaanza kuhesabu watu. Wote ninaowafahamu wanaolijua jina lile wangeenea kwenye meza yetu ya jikoni, na viti vingebaki.

Nikamfikiria dada. Kama yu hai, ni mtu mzima, huenda ana simu. Akitutafuta ataandika nini?

Nilipomweleza mama, alikasirika. Alizima jiko kabisa.

"Ile jina ilininyang'anya mutoto! Na ni miye nilimufundisha. Si wanasema mwana umleavyo ndivyo akuavyo? Nilimulea vizuri. Akanisikiliza. Akaenda."

Niliumia, na nilimwonea hasira pia, kwa sababu alitaka kufunga mlango pekee uliobaki.

"Mama, hilo jina ndilo aliloshika kuliko yote. Hatatafuta herufi mbili."

Alinawa mikono, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaketi karibu nami.

"Andika."

Nikaliandika lote. Ukiitazama ramani kwa mbali, simu hulificha. Ukisogea karibu, linatokea juu ya ule msitu, neno kwa neno, na chini yake hakuna mtu. Mama akaweka kidole pale.

"Kuna nafasi chini yake?"

"Ya nini, mama?"

"Ya kumuambia ilikuwa miye. Hawakukuwa wale wa mu maji. Ilikuwa mama yake, ageuke."

Nikamwambia ramani hupokea majina ya mahali tu, ujumbe haipokei. Akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Kisha akaichukua simu mkononi mwangu, akaileta karibu na mdomo, akaita jina la dada yangu, lote, kwa sauti ya kuvusha bonde.

Jirani wa juu akaburuza kiti. Nilitaka kusema kitu, lakini mama akaninyooshea mkono ninyamaze, akaweka simu sikioni, akasikiliza.