Siku Akina Mama Walipoosha Ngome

Nikinusa sabuni ya msonobari, ile ambayo Waswidi husugulia sakafu, mikono yangu hutafuta ngoma ya kubeba hata leo. Najua ni sabuni tu, lakini mikono haina adabu, haisikii la mtu.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tukiishi Rågsved, mtaa wa wahamiaji huko Uswidi, kanisa letu la Wakongo na Warundi lilipanga ukumbi ndani ya ngome kuukuu kando ya maji. Zamani wafanyabiashara walihifadhi humo ngozi zenye manyoya, ndiyo maana dari ilijaa kulabu. Baadaye wakaingia wanajeshi na baruti yao, kisha mashua mbovu, mwisho sisi na ngoma zetu. Kuta zilikuwa nyeusi kwa moshi na mafuta ya ngozi. Sisi watoto tulizipenda kwa sababu zilitutisha.

Ikaja habari kwamba mkaguzi wa majengo ya kale angetutembelea. Mama yangu, kiongozi wa kwaya, alikosa raha wiki nzima. Hata ugali aliuacha ukaungua. "Bakikuta uchafu humu, batatufukuza," aliwaambia wenzake kwa Kiswahili chetu cha Kongo. Basi wakaja na ndoo, brashi na ile sabuni, wakasugua ukuta mmoja mpaka ukang'aa kama sufuria ya harusi.

Mkaguzi, mama wa makamo, alipoingia alisimama akaziba mdomo kwa kiganja. Mimi ndiye niliyetafsiri. Alisema ule weusi ndio historia aliyokuja kuihifadhi.

Mama, brashi ingali mkononi, alikuwa na swali moja tu. "Umuulize tutatoka siku gani."

Mkaguzi akashangaa. Hapana, alisema, bakini. Jengo lisilo na watu huoza upesi. Ila tafadhali, msioshe tena. Nilitafsiri mara mbili kwa furaha, na Mama akashukuru kwa heshima zote.

Kisha akabeba ngoma kubwa begani, ndogo akanitwika mimi, tukapanda nazo treni hadi nyumbani. Tangu hapo zilikaa koridoni kwetu, na kila Jumamosi tulizibeba kwenda na kurudi, abiria wakitukodolea macho. Nilikasirika sana, nikidhani tafsiri yangu ilikuwa mbovu. Utu uzima ndio ulionifunulia kwamba Mama alielewa kila neno. Alikuwa ameshaambiwa "bakini" katika nyumba tatu kabla ya ile ngome, na zote tatu alilazimika kuzihama mikono mitupu.